Mama Onesphory Hula Amesimama

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Mama Onesphory ni kwamba huwa hakai anapokula. Nilifika kwake Nangwa muda mfupi baada ya kumaliza chuo, nikapewa chumba cha uani kwa sababu shule niliyokwenda kufundisha kwa kujitolea iko jirani na shamba lao. Jioni ile ya kwanza tuliandaliwa ugali, mbaazi na maziwa ya mgando. Mimi na mumewe, Mzee Baltazar, tulikula sebuleni. Nilipotoka kwenda kunawa mikono nilimwona kwenye mlango wa jiko, bega ameliegemeza kwenye mwimo, sahani iko juu ya kiganja cha kushoto, macho yake yako motoni. Nilidhani ana haraka. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na siku iliyofuata pia. Mle jikoni mlikuwa na vigoda vitatu, na kimoja alikuwa akikilalia paka.

"Mama, mbona hukai?" nilimuuliza siku moja.

"Nikikaa, sufuria ataiangalia nani?"

"Umeshaiepua, mama."

Aliitazama sufuria iliyokuwa chini, tupu, imefunikwa. "Basi ni mazoea," akasema, akaendelea kula.

Jina lake la ubatizo ni Marieta. Alizaliwa Tlawi, kwenye baridi ya juu kule, katika nyumba ya wakulima wa vitunguu saumu, akaolewa Nangwa akiwa bado binti. Upishi wa sherehe ulimwangukia. Mwanamke aliyekuwa akipika parokiani alihamia kwa mwanawe Babati, siku ya kipaimara ikafika, wageni wakaanza kuingia, na kamati ya chakula ikabaki inatazamana. Marieta alikuwa amekuja kuleta kuni tu. Alifunga khanga kiunoni, akauliza mwiko uko wapi, na tangu siku hiyo hakuna harusi, kipaimara wala msiba wa upande huu, hata kufika Hirbadaw, ambao watu hawajamwita.

Anakwenda na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe. Mawe ya jiko anayapanga kwa mkono wake. Na anayo sheria moja, ambayo kila mwanamke wa Nangwa anaijua: hakuna anayegusa sufuria yake. Wanasimulia hadi leo jinsi shangazi wa bwana harusi mmoja alivyofunua maharage na kuongeza chumvi bila kusema. Marieta hakugomba. Alimkabidhi shangazi yule mwiko, akarudi nyuma, akakunja mikono. Wageni walikuwa wengi, moto ulikuwa mkali, na shangazi aliomba radhi mbele ya watu wote kabla maharage hayajachemka mara ya pili.

Huku mpishi wa sherehe hahesabiwi miongoni mwa wageni. Hula mwisho, watu wakiwa wameanza kucheza, akiwa kando ya sufuria zake, na fungu lake ni ukoko uliobaki chini. Marieta amekula hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba hata nyumbani, mbele ya sufuria ndogo ya watu watatu, miguu yake haijui namna nyingine.

Nisingelitilia jambo hilo maanani kama si Mzee Baltazar. Jumamosi moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, mimi na yeye, na mkewe alikuwa amekwenda kupika kwenye msiba.

"Unajua, mwalimu," akasema, "mimi sijawahi kula na mke wangu."

Nilicheka, nikidhani ananitania.

"Usicheke. Siku ya harusi yetu tulikaa meza ya mbele, mimi na yeye, ana shela kichwani. Chakula hakijaletwa bado. Nikamwona ameinua pua. Akaniambia, pilau inaungua. Nikamwambia, Marieta, leo wewe ni bibi harusi. Akasema, ndiyo, na pilau ni ya harusi yangu. Akaondoka na shela yake. Anarudi ana masizi mpaka hapa." Aligusa kiwiko. "Mimi nilikuwa nimeshamaliza kula. Ningefanyaje, watu wote wananitazama. Tangu siku hiyo ndiyo hivyo. Mimi ninakula, yeye anaangalia moto."

"Umewahi kumwambia, mzee?"

"Nimwambie nini? Kwamba chakula chake hakinishibishi? Mimi ni mtu mzima." Alipukuchua gunzi moja hadi likawa tupu kabisa, na bado aliendelea kulisugua. "Mwezi wa saba tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Watoto wanataka kuleta keki. Sitaki keki. Nataka nikae na yule mama mezani, tuanze pamoja na tumalize pamoja. Mara moja tu. Lakini hapa nyumbani haiwezekani, na kwenye sherehe ndiyo kabisa. Inatakiwa apike mtu mwingine."

Mtu mwingine alikuwepo, mjini Katesh. Mzee Yahaya, mwenye duka la vitambaa, anajulikana na kila mpishi wa sherehe kwa sababu yeye ndiye anayeitwa kuchinja, ili Waislamu na Wakristo wale sufuria moja. Mwanawe Idrisa alisomea upishi Arusha, akafanya kazi kwenye hoteli za watalii, kisha akarudi kufungua mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani. Watu wa Katesh waliukubali mgahawa taratibu. Kilichowashinda ni kitu alichokiita Meza ya Jikoni. Ni meza moja, iko ndani ya jiko lenyewe, hutumika Jumamosi tu, na lazima uweke nafasi mapema. Unakaa, mpishi anapika mbele yako, anakuletea sahani moja moja, kidogo kidogo, na kila moja anaieleza. Sokoni walisema kwamba jikoni kila mtu anako kwake, tena haombi nafasi.

Mzee Baltazar alisikia tu kwamba ni meza ya heshima kupita zote. Hakungoja mwezi wa saba; alipiga simu akiwa ameiweka kwenye spika, mimi nikiwa karibu. Alipokea Mwantumu, dada yake Idrisa, ambaye ndiye anayepanga wageni.

"Mtakuwa wangapi, baba?"

"Mimi na mama. Na mwalimu wetu, kama kutakuwa na Kiingereza."

"Hakuna Kiingereza, baba, lakini mwalimu karibu. Kuna chakula ambacho hamli?"

Mzee alinitazama kana kwamba nimemtukana mimi. "Mgeni anaulizwa asichokula? Tutakula mtakachotupa."

"Sawa, baba. Nawaandika Meza ya Jikoni."

"Jina lake ndilo hilo, au iko jikoni kweli?"

"Iko jikoni kweli. Mnamwona Idrisa akipika."

Mzee aliitazama simu hata Mwantumu akauliza kama imekatika. "Ukumbini nako kuna meza," akaongeza, "kama mnapenda utulivu."

"Hapana," akasema mzee. "Tuandike huko huko jikoni." Alipokata simu alinieleza hesabu yake. "Ukumbini atasikia harufu na hataona kitu. Atainuka kwenda kuangalia. Bora aone. Akiona kila kitu kiko salama, atatulia."

Nilikubaliana naye. Ilionekana ni hoja nzuri. Kondoo mmoja alipelekwa mnadani kwa ajili hiyo, na Mama Onesphory akaambiwa tu kwamba tumealikwa na kijana wa Yahaya.

Alivaa gauni lake la Pasaka, khanga mabegani. Mkononi alikuwa na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, na shada la vitunguu saumu vya kwao Tlawi, kwa kuwa hajawahi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mwantumu, aliyetupokea mlangoni katika sare nyeupe, alimwangalia kuku, kuku akamwangalia yeye. Kisha akampokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamfunga nyuma ya jengo kwenye mti wa mpapai. Ni binti aliyelelewa vizuri.

Jiko lilikuwa safi kiasi kwamba Mama Onesphory alisita kukanyaga. Idrisa aliwapa wazee shikamoo, wakaitikia, tukakaa. Sahani ya kwanza ilikuwa supu ya boga, vijiko vitatu tu katika bakuli pana.

"Hii ni ya kuonja?" aliuliza Mzee Baltazar.

"Ndiyo, mzee. Nyingine zinakuja."

"Haya. Nilidhani tumechelewa."

Mama Onesphory alikunywa supu yake. Alikuwa amekaa ncha ya kiti, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari, lakini alikuwa amekaa. Sahani ya pili ikaja, akala nusu. Nilimwona mzee akipunguza mwendo wake wa kula ili wawe sawa. Alikuwa akimtazama mkewe akitafuna, na sidhani kama alijua alichokuwa anakula yeye.

Ndipo Idrisa alipopasua vitunguu maji vinne, akavilaza kwenye kikaango kikavu cha chuma juu ya moto mkali, akageuka kukata nyama. Vitunguu vikaanza kutoa moshi. Mama Onesphory alivitazama, akautazama mgongo wa Idrisa, akavitazama tena.

"Vinaungua," akasema chini chini.

"Ni vyake," akajibu mumewe. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe.

"Haoni."

"Kaa, Mama Onesphory."

Alikaa. Kingo za vitunguu zikawa kahawia, kisha nyeusi. Sijui aliinuka saa ngapi. Niligundua tu kwamba mkono wa mzee umebaki peke yake mezani. Mama alikuwa ameshika kikaango kwa pindo la khanga, amekiepua, na kwa kijiko cha supu alikuwa akikwangua weusi wote kwa bidii na huruma.

Idrisa aligeuka. "Mama," akasema kwa upole, "nilikuwa naviunguza kwa makusudi. Ule weusi ndio unaotia rangi na ladha kwenye mchuzi."

Mama Onesphory aliuona weusi kwenye kijiko chake, akaona kikaango cha mtu mkononi mwake, na nadhani alimwona pia yule shangazi wa maharage. Alikiweka kikaango polepole. "Nimegusa sufuria ya mtu," akasema, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Idrisa alimfuata, akamwambia si kitu, vitunguu vipo vingi. Hakurudi. Alisimama kando ya mpapai na kuku wake mpaka tulipomaliza. Mzee Baltazar alikula sahani zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa adabu, akishukuru kila mara. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kimevutwa nyuma, na hakuna aliyekirudisha.

Asubuhi iliyofuata mama alimtuma mwendesha pikipiki apeleke maharage kwa Idrisa, ndoo nzima, na neno la kuomba radhi. Kwa mumewe alisema maneno machache tu: "Kule sirudi. Nimeingia kwenye jiko la mtu kama mwizi."

Mzee hakumbembeleza. Lakini kwa wiki nzima aliacha kuutaja mwezi wa saba, na watoto walipopiga simu kuuliza habari ya keki aliwaambia walete tu.

Jumapili ya pili kulikuwa na kipaimara kwa jirani yetu, Qamara, na Marieta ndiye mpishi, mimi nikimsaidia kuchota maji. Mzee Yahaya alikuwa anaumwa mgongo, hivyo akamtuma Idrisa aje kuchinja. Mama alipomwona kijana akishuka kwenye pikipiki aliinama kuchochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Idrisa alichinja, akanawa mikono, akajifuta. Wenyeji wakamwonyesha viti vya wageni chini ya turubai. Yeye akaja moja kwa moja kwenye mawe ya jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wageni wanakaa kule."

"Naomba nikae hapa. Nataka kukuangalia ukipika."

"Kuna nini cha kuangalia? Ni wali na nyama."

"Na kwangu vilikuwa vitunguu tu."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliacha kuchambua. Mama Onesphory alinyanyuka taratibu. "Umekuja kunisema mbele za watu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukaa. Hata mikono nitaikalia." Akageuza ndoo, akaketi, akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake kama mtoto anayengoja uji. Wanawake wakacheka. Mama naye alijizuia, kisha akashindwa.

"Kaa basi," akasema. "Ukiungua na moshi usinilaumu."

Alikaa kweli. Mwanzoni mama alipika kwa kujibana, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima; mara mbili alimuuliza kama anataka maji. Baadaye alisahau. Akaanza kusema anachofanya, si kwa Idrisa hasa, bali kwa moto na kwa mwiko: kwamba nyama hii ni ya mnyama aliyetembea sana, itachelewa, kwamba vitunguu saumu vya Tlawi havipondwi mapema. Tangu nianze kuishi kwake sikuwahi kumsikia akieleza chakula chake.

Kisha akaacha wali juu ya makaa, akaenda kuangalia nyama. Harufu ikabadilika. Hata mimi niliisikia. Idrisa aliinua pua, akautazama wali, akautazama mgongo wa mama. Viganja vyake vikasogea chini ya mapaja.

"Mama, wali."

"Najua."

Alimeza mate, akabaki pale pale. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na halikuwa jasho la moto. Mama hakugeuka. Alikoroga nyama kwa raha zake, akaonja, akafunika, ndipo akaja kuuepua wali. Wageni walipokwisha kupakuliwa na muziki kuanza, aliingiza ncha ya mwiko chini ya sufuria na kuutoa ukoko ukiwa mzima kama sahani, rangi ya dhahabu kila upande.

"Huu ndio niliokuwa nautafuta," akasema. Akaumega, akampa Idrisa nusu ya fungu la mpishi.

Idrisa alitafuna kwa muda. "Ilikuwa vigumu, mama."

"Nini?"

"Kukaa."

"Basi unajua," akasema mama.

"Najua. Lakini ndiyo sababu niliweka ile meza. Kule Arusha sahani zilikuwa zinatoka kwangu zikipita dirishani, zinarudi tupu. Sikuwahi kumwona hata mtu mmoja aliyekula. Nilitaka mtu akae, aone mpaka mwisho." 

Mama Onesphory alikula nusu yake akiwa amesimama, kama kawaida. Lakini jioni, alipokuwa akimpa mumewe maji ya kunawa, alianza kama mtu anayelalamika.

"Yule kijana hakunisaidia hata kidogo. Hata kuni hakusogeza. Alikaa tu, ananiangalia, kuanzia mwanzo." Akaongeza maji. "Tangu nianze kupika hakuna mtu aliyewahi."

"Mimi mbona huwa nipo," akasema Mzee Baltazar.

"Wewe huwa unakula sebuleni."

Hakusema kwa hasira. Alichukua bakuli la maji akaenda zake. Mzee alibaki na mikono iliyolowa, na niliona neno lile likimwingia. Katika nyumba alimokulia, baba hakuvuka mlango wa jiko. Huko ni kwa mama na watoto, na mwanamume anayeingia huulizwa amepoteza nini. Miaka arobaini alikuwa akimhesabia mkewe kwamba hakai naye, na vigoda vitatu vilikuwa mle ndani wakati wote.

Kesho yake jioni nilikula sebuleni peke yangu. Mzee alichukua sahani yake, akainama kupita mlango mfupi wa jiko, akamwondoa paka, akakaa.

"Umepoteza nini humu?" nilisikia mama akiuliza.

"Ninakula."

"Moshi utakuumiza macho."

"Endelea na kazi yako, Mama Onesphory. Mimi naangalia."

Kicheko cha mama nilikisikia hadi sebuleni. Hata hivyo alikula amesimama jioni hiyo, na iliyofuata. Siku ya tatu nilipopita kwenda kuchota maji alikuwa kwenye kigoda, goti kwa goti na mumewe, sahani mapajani. Aliponiona aliinuka haraka, kama aliyefumaniwa. Sasa huwa napita upande wa pili wa nyumba.

Juzi alikuja chumbani kwangu na simu yake, akaniomba nimtafutie namba ya Mwantumu. Alipiga mwenyewe, akiwa amesimama.

"Ni Mama Onesphory wa Nangwa. Yule wa vitunguu."

"Shikamoo, mama. Tunakukumbuka," akasema Mwantumu. "Kuku wako anataga."

"Marahaba. Nataka ile meza. Watu wawili, mwalimu abaki nyumbani asahihishe madaftari."

"Ukumbini au jikoni, mama?"

"Jikoni."

"Kuna chakula ambacho huli?"

Alifikiri. "Nakula chochote nisichokipika mimi. Na mwanangu, nisikilize. Kiti changu kiwe upande wa ukutani, na cha Baba Onesphory kiwe nje. Meza iwe karibu. Nikitaka kuinuka, iwe lazima nimwinue yeye kwanza."

Wamepangiwa Jumamosi hii. Gauni la Pasaka limefuliwa na linaning'inia kwenye kamba, na jogoo amechaguliwa kwa ajili ya kwenda kumsalimia yule kuku mwekundu. Mzee Baltazar amewaambia watoto kwamba keki wasilete kwanza, wangoje wasikie. Ameniuliza mara mbili kama Jumamosi itanyesha. Nimemwambia hainyeshi mwezi wa saba. Anajua, anasema, ila ameuliza tu.